Meza ya Kale na Pembe Iliyomo



Wako watu wengi, hasa Ulaya na Marekani, wapendao kukusanya meza za kale za Asia, zilizochongwa kwa nakshi na kukunjwa. Miongoni mwa hizo zasifiwa sana meza za Hoshiarpur, mji wa Punjab katika Bara Hindi. Uso wa meza aghalabu una pande nane, nao huwekwa juu ya mbao zilizokatwa matao na kuungwa kwa bawaba, hata mwenye safari aweza kuzikunja zikawa bapa. Mbao zake ni za mti uitwao shishamu, na ndani yake mafundi wa zamani walitia njumu ya maua na majani kwa pembe za ndovu. Kazi hiyo yapendeza macho, wala hatuoni dhambi kuisifu, maana akili ya fundi ni kipawa cha Mungu.

Lakini twauliza: pembe zile zilitoka wapi? Katika karne ya 19 pembe nyingi zilizouzwa Bombay zilitoka kwetu Afrika Mashariki, zikipita Unguja. Wapagazi walizichukua mabegani kutoka Ujiji na Tabora hata Bagamoyo, na baadhi yao walikuwa watumwa. Basi aliye na meza ya namna hiyo huenda anayo nyumbani mwake sehemu ya mzigo ule. Je, mtu anunuaye leo ana hatia kwa mambo yaliyotendeka kabla hajazaliwa?

Wengine hujibu: Ndovu alikwisha kufa zamani, na meza haina kosa; na tununue kwa furaha. Jibu hili ni jepesi mno. Pembe mpya yaweza kupakwa rangi ya chai ionekane ya kale, na hivyo soko la vitu vya kale huwa maficho ya mwizi wa leo. Mwaka 1989 mataifa yalipatana kukataza biashara ya pembe za ndovu kati ya nchi na nchi. Hata hivyo katika Tanzania ndovu walipungua kutoka 109,000 hivi mwaka 2009 hata 43,000 hivi mwaka 2014. Hao hawakufa zamani.

Wengine hujibu: Na ichomwe moto! Lakini moto haumrudishi ndovu, wala haumfungui mtumwa. Huangamiza tu kazi ya mikono ya fundi, na pamoja nayo ushahidi wa mambo yaliyotendeka. Wala sisi tusijihesabie haki kana kwamba dhambi hii ni ya wageni peke yao. Wako wazee wetu, wa pwani na wa bara, waliouza pembe, hata na watu.

Nabii Amosi aliwakemea matajiri waliojinyosha juu ya vitanda vya pembe. Tukiyasoma maneno yake vema twaona ya kuwa kosa lao kubwa ni kwamba walistarehe, wala hawakuugua moyo kwa maangamizi ya ndugu zao. Hapo ndipo hukumu ilipo. Hatia ya marehemu si yetu, bali ugumu wa moyo ni wetu.

Kwa hiyo twaonelea hivi. Aliyerithi meza kama hiyo na aitunze, aitandikie wageni chakula, na watoto wakiuliza habari za maua yale meupe, awaambie yote: ustadi wa fundi, na mgongo wa mpagazi. Asiiuze ili kupata faida. Naye atamaniye kununua na atafute iliyochongwa pasipo pembe. Maana mafundi wa Hoshiarpur wenyewe siku hizi hutia plastiki mahali pake, na ufundi wao haukufa.

Mungu na atujalie kuupenda uzuri pasipo kusahau gharama yake, na nani aliyeilipa.