Breki Laini na Tawakali ya Mwenye Gari

Matatu ya kutoka Kawangware inapoteremka Valley Road kuingia katikati ya Nairobi, abiria aliyekaa mbele huweza kuona jambo wasiloliona waliobanana nyuma. Mguu wa dereva unakanyaga breki mara mbili, mara tatu, upesi upesi, ndipo gari lianze kutii. Njiani wanalipita kanisa la CITAM, na huko chini linawangoja Kanisa Kuu la All Saints. Kwenye kioo, kwa herufi za kung'aa, gari limekwisha kukabidhiwa kwa Mungu.

Hapo pana swali la zamani kuliko magari yenyewe. Mtu anayejua kwamba chombo chake kina kasoro, akang'oa nanga huku akiomba ulinzi, je, amemtegemea Mungu au amemjaribu?

Jibu linaanzia chini ya gari. Breki za matatu kuukuu aina ya HiAce hufanya kazi kwa kanuni iliyoelezwa na Mfaransa Blaise Pascal katika karne ya 17: kimiminika kilichofungiwa kikisukumwa mahali pamoja, msukumo huenea kila upande. Mguu husukuma mafuta ya breki kwenye masta silinda, mafuta hupita katika mabomba membamba, na magurudumu yote manne hushikwa kwa pamoja. (Pascal huyo ndiye aliyewashauri wenye shaka waweke dau kwamba Mungu yupo. Madereva wengi wa jiji wanamtumia kila siku bila kulijua jina lake.) Mafuta hayakubali kubanwa. Hewa inakubali, na kipovu kimoja kikiingia katika bomba, sehemu ya nguvu ya mguu huishia kukiminya kipovu hicho badala ya kulisimamisha gari.

Fundi anayeijua kazi yake haanzi kwa kufungua nati. Hukaa kwenye kiti, akakanyaga, akasikiliza mguu wake unamwambia nini. Pedali ikizama mara ya kwanza kisha ikapanda na kukaza baada ya kupampu, atashuku hewa, au breki shuu za nyuma zilizolika zikaachana mno na dramu. Ikikaza kwanza halafu ikashuka polepole chini ya mguu uliotulia, na hakuna tone lililodondoka nje, basi mipira ya masta silinda imechoka na mafuta yanavuja ndani kwa ndani. Mafuta yakipungua kwenye kichupa chake, hutafuta panapovuja, gurudumu kwa gurudumu. Gari lililozeeka lina hila moja zaidi: hosi za mpira hulegea kwa umri, zikawa zinavimba kila breki inapokanyagwa.

Kuna pia maji. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana hushauriwa yabadilishwe kila baada ya miaka 2 hivi. Mafuta mapya ya DOT 3 hayapaswi kuchemka kabla ya nyuzi 205 za Selsiasi. Yakishanyonya maji, kipimo kinachokubalika hushuka hadi 140. Mteremko mrefu kama ule wa kwenda Mai Mahiu huyapasha moto, maji yakageuka mvuke, na mvuke hubanwa sawa na hewa. Gari lililotoka Kangemi na pedali ya kuridhisha linaweza kuikosa katikati ya ukuta wa Bonde la Ufa.

Dawa haina siri. Kublidi breki, yaani kutoa hewa, huhitaji watu wawili wanaosikilizana. Mmoja yuko kitini, mwingine amelala chini na spana, kipaipu cha plastiki na chupa. “Kanyaga! Shika!” Nati ndogo inafunguliwa, povu linatoka, nati inafungwa, ndipo inakuja “Achia!” Wa juu akiachia mapema, hewa inarudi ndani na kazi inaanza upya. Kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na masta silinda, ambalo kwa gari lenye usukani kulia ni la nyuma kushoto, na kichupa cha mafuta hakiachwi kikauke. Masta silinda ikiwa imekufa, spea inatafutwa Kirinyaga Road, ambako wengi bado hukuita Grogan.

Maelezo haya ya gereji ndiyo moyo wa swali. Watu husema ajali haina kinga, na kwa mti unaoanguka ghafla barabarani huenda wakawa na haki. Breki laini haiko katika kundi hilo. Imetoa taarifa mapema, tena kila kituo, tena chini ya mguu wa mtu mwenye akili zake timamu. Kinachomdanganya ni kule kupampu: pedali inapanda, gari linasimama, na wasiwasi unaahirishwa hadi kesho.

Dini zenyewe hazimsaidii anayeahirisha. Katika hadithi iliyopokewa na Tirmidhi, mtu alimuuliza Mtume Muhammad (S.A.W.) kama amfunge ngamia wake na kutawakali, au amwache huru na kutawakali, akaambiwa amfunge kwanza. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anavutia zaidi. Ndiye mwanachuoni aliyekana kwamba moto unaunguza pamba kwa nguvu zake wenyewe, akisema kila kitu hutendeka kwa uwezo wa Mungu. Mtu angetarajia aseme spana haina maana. Hata hivyo, alipoandika juu ya tawakali, alimwita mwendawazimu mwenye njaa aliyewekewa chakula akakataa kunyoosha mkono eti anamtegemea Mungu. Wakristo nao wanakumbuka Yesu juu ya kinara cha hekalu: aliambiwa ajitupe chini, malaika watamdaka. Alikataa, akasema Mungu hajaribiwi.

Dereva ana utetezi wake, nao si wa kupuuzwa. Gari si lake. Jioni lazima apeleke hesabu kwa mwenye gari, na akilipaki gereji siku nzima anarudi nyumbani mikono mitupu, huku kuna mwenzake stejini aliye tayari kuushika usukani ule ule. Kumlaumu yeye peke yake ni rahisi mno.

Torati ililiona hili kabla ya injini kubuniwa. Katika Kutoka sura ya 21, ng'ombe akimpiga mtu pembe akafa, ng'ombe huuawa na mwenyewe hana hatia. Lakini kama ng'ombe alikuwa na tabia hiyo, na mwenyewe alikwisha kuonywa lakini hakumzuia, damu inamwangukia mwenye ng'ombe pia. Hukumu yote imesimama juu ya kuonywa. Dereva aliyempigia simu mwenye gari kusema pedali inazama amekwisha kutoa onyo. Kuanzia hapo neno “sikujua” halipo tena.

Mwaka 1877 mwanahisabati Mwingereza William Clifford aliandika juu ya mwenye meli iliyochakaa iliyokuwa ichukue familia za wahamiaji. Aliambiwa haifai. Alijituliza: imeshinda dhoruba nyingi, na Mungu hatazitupa familia hizi. Akaamini kwa moyo safi kabisa, meli ikazama, akalipwa bima. Clifford alimhesabu kuwa na hatia ya vifo vyao licha ya unyofu wa imani yake, kwa kuwa hakuwa na haki ya kuamini hivyo. Akaongeza jambo linalowachoma wenye magari hadi leo: hata kama meli ingefika salama, hatia isingepungua. Safari mia za HiAce mbovu zilizofika salama hazithibitishi imani ya mtu yeyote.

Mtu anaweza kutawakali kwa nafsi yake. Shingo ni yake. Kwa abiria 14 walionunua safari tu, bila kuambiwa habari za pedali, hana idhini hiyo. Dau la Pascal lilimtaka mtu aweke maisha yake mwenyewe mezani.

Serikali hudai ukaguzi wa magari ya abiria kila mwaka, na kanuni za waziri John Michuki zilizoanza kutumika Februari 2004 ziliweka mikanda na vidhibiti mwendo. Bado, tangu 2021 hadi 2024, barabara za Kenya ziliua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka. Cheti cha ukaguzi wa Januari hakijui hali ya mafuta ya breki mwezi wa Septemba. Mguu wa dereva unaijua.

Kwa hiyo abiria anayeona breki ikipampiwa aulize kwa sauti, na asiporidhika ashuke. Na mwenye gari akipigiwa simu kwamba pedali inazama, alipeleke kwa fundi siku hiyo hiyo, hata iwe Ijumaa ya mwisho wa mwezi na stejini kumefurika watu.