Ujumbe "Uliosambazwa Mara Nyingi" ni wa Nani?



Ndugu zangu wanafunzi, makala hii naianza kwa kosa langu mwenyewe, kwa sababu kama nisingelitenda, huenda nisingejiuliza swali hili.

Mnajua kwamba sheria ya Machi 2023 ilipunguza mikoa ya nchi yetu kutoka 18 hadi 5, na tarafa kutoka 119 hadi 42, na kwamba mgawanyo huo ulianza kutumika mwaka 2025. Muyinga, nilikozaliwa, si mkoa tena. Ni tarafa ndani ya mkoa mpya wa Buhumuza, ambao makao yake makuu yako Cankuzo. Gitega, ninakosoma, imebaki mkoa na kuongezewa Karusi, Muramvya na Mwaro. Katika kundi letu la WhatsApp la watu waliosoma madrasa moja kule nyumbani, jambo hilo lilijadiliwa kwa wiki nyingi. Wengine walisema mikoa michache italeta nguvu na kupunguza matumizi. Wengine waliuliza: bibi wa huku kwetu akihitaji karatasi ya mkoa, nauli ya Cankuzo atalipiwa na nani? Mjadala ulikuwa mzuri, na watu waliupenda kwa sababu uliwahusu.

Usiku mmoja ikaingia sauti iliyorekodiwa. Msemaji hakujitaja. Alisema kwamba karani mmoja, akamtaja kwa jina, alikuwa anawatoza watu pesa ili wapate karatasi zao kabla ofisi hazijahamishwa, na kwamba pesa hizo alikuwa anaziweka mfukoni. Juu ya ujumbe paliandikwa kwamba umesambazwa mara nyingi. Niliusikiliza mara moja, nikakasirika kwa ajili ya watu wetu, nikautuma kwenye makundi mengine matatu. Niliandika chini yake: "Hii ndiyo haki tunayoambiwa?" Kisha nikaswali Isha, nikalala.

Baada ya siku nne baba alinipigia simu. Hakunikaripia. Aliniuliza tu kama nimesahau kwamba karani yule huswali naye safu moja, na kama ninajua kwamba mke wake ameacha kwenda kuuza maandazi sokoni kwa sababu ya maneno ya watu. Mwisho wa mwezi nilipanda gari, nikapita Karusi hadi nyumbani, nikaenda kwake kumwomba msamaha. Mzee yule alinikaribisha chai. Akaniambia, "Mwanangu, pesa zile ni za stempu. Kila aliyelipa alipewa risiti. Ungekuja kuniuliza, ningekuonyesha kitabu." Kisha akaongeza neno ambalo limebaki kichwani mwangu kuliko msamaha wake: "Na shida yenyewe hamkuiuliza. Fomu zilikuwa zimekwisha, watu wanarudi mara tatu, mara nne. Hilo ni kweli, na hakuna aliyelisema. Mlikuwa mnanisema mimi."

Tangu siku hiyo najiuliza: Muislamu wa kawaida, asiye na cheo wala ofisi, ana haki gani na wajibu gani anapozungumzia mambo ya nchi mbele ya watu mia mbili asiowaona nyuso?

Katika jumuiya yetu kuna majibu mawili, na yote mawili yana dalili. La kwanza ni la wale wanaosema siasa ni fitna, bora kunyamaza. Wanaikumbusha hadithi iliyomo katika Musnad ya Imam Ahmad, kwamba anayetaka kumnasihi mwenye mamlaka asifanye hadharani, bali amshike mkono waende faragha. Wanaongeza methali ya Kirundi ambayo sote tumelelewa nayo, *ijambo rigukunze rikuguma mu nda*, yaani neno linalokupenda hubaki tumboni mwako. La pili ni la wale wanaosema kunyamaza ni woga, na wanaikumbusha hadithi ya Abu Daud na Tirmidhi kuhusu ubora wa kusema neno la haki mbele ya mtawala dhalimu.

Nimezitazama hadithi hizi mbili kwa muda, na naona kuna kitu zinashirikiana. Katika zote mbili msemaji na msemwaji wako pamoja. Mmoja amemshika mkono mwenzake, mwingine amesimama mbele yake. Anayesema anajulikana, na anayeambiwa anasikia na anaweza kujibu. Sasa tujiulize: katika kundi letu usiku ule, nani alikuwa pamoja na nani? Aliyerekodi sauti hakujitaja. Karani hakuwemo. Mimi niliyeituma sikuwa najua chochote isipokuwa nilichosikia. Ile haikuwa nasaha ya faragha wala neno la haki mbele ya mwenye nguvu. Tulikuwa tumechukua ujasiri wa hadithi ya pili bila kulipa gharama yake.

Hata hivyo sitaki kukimbilia kusema kwamba dawa ni kunyamaza. Suratu Shura, aya ya 38, inawasifu waumini kwamba mambo yao ni ya kushauriana baina yao. Sayyidna Abu Bakr (Mwenyezi Mungu amridhie), katika hotuba yake ya kwanza ya ukhalifa kama walivyoipokea waandishi wa sira, aliwaomba watu wamsaidie akifanya vyema na wamnyooshe akipotoka. Watu hawawezi kumnyoosha kiongozi ikiwa wamefundishwa kwamba kuzungumzia nauli, fomu, bei ya sukari na upungufu wa mafuta ya gari ni fitna. Mambo hayo ni yetu. Mgawanyo wa mikoa ni jambo la umma, na kulijadili, kulisifu au kulilaumu si kusengenya, kwa sababu kusengenya ni kumtaja mtu kwa analolichukia, na sheria si mtu.

Tena kuna ukimya mwingine ambao tunauita taqwa na kumbe ni hofu. Nchi yetu tunaijua. Mei 2015 redio kadhaa za binafsi zilishambuliwa na kufungwa, na wiki chache kabla ya hapo WhatsApp, Facebook na Twitter zilikuwa zimezuiwa kwenye simu. Siku ya uchaguzi, tarehe 20 Mei 2020, mitandao hiyo ilizuiwa tena. Mtu akiogopa, simlaumu, na Mwenyezi Mungu haikalifishi nafsi ila kwa kadiri ya uwezo wake. Ninachoomba ni tusiipe hofu yetu jina la uchamungu, kisha tukamhukumu kwa jina hilo ndugu yetu aliyethubutu kusema jambo la kweli kwa adabu.

Kwa hiyo kusema kuna nafasi yake. Tatizo ni namna ya kusema, na hapa naona tumepewa mafunzo ya wazi kuliko tunavyodhani.

Aya ya 6 ya Suratu Hujurat inatuamrisha kuichunguza habari tusije tukawadhuru watu kwa kutojua, kisha tukajuta. Aya ya 83 ya Suratu Nisaa inawalaumu wanaoitangaza habari ya amani au ya khofu mara inapowafikia, kabla ya kuirejesha kwa wenye uwezo wa kuichambua. Na katika Sahihi Muslim imepokewa maana kwamba yatosha mtu kuwa muongo ikiwa anasimulia kila anachokisikia. Zingatieni hapo: hakutungwa uongo wowote. Mtu huyo amesikia tu na kusimulia. Sisi Waswahili tuna methali inayotupa ruhusa kinyume chake, kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali nyingi ni hekima, lakini hii, ikitumiwa kama ushahidi, inamhukumu kila aliyetajwa.

Kisa kinachonitisha zaidi ni kile cha uzushi aliozuliwa Mama wa Waumini Aisha (Mwenyezi Mungu amridhie), kilichoteremshiwa aya katika Suratu Nur. Tunapokisoma, tunadhani waliosambaza ni wanafiki tu. Wanafiki ndio walioanzisha. Lakini miongoni mwa walioyabeba maneno yale alikuwamo Mistah, mtu aliyepigana Badri, jamaa yake Abu Bakr aliyekuwa akila kwa msaada wake. Maneno yalizunguka Madina kwa takriban mwezi mzima, na katika mwezi huo hakukuhitajika waovu wengi. Walitosha waovu wachache na watu wema wasiouliza. Nilipofika hapo nilijiona. Mimi sikuwa mnafiki. Nilikuwa mtu mwema asiyeuliza, na kwa karani yule hakukuwa na tofauti.

Huenda mtu akasema: je, akiwa kweli amekula rushwa? Tunyamaze tu? Hapana. Imam Nawawi katika Riyadhu Swalihin ametaja hali sita ambazo kumtaja mtu kwa ubaya kunaruhusiwa, na ya kwanza ni mwenye kudhulumiwa kumshtaki aliyemdhulumu kwa mwenye uwezo wa kumpatia haki. Nayo aya ya 148 ya Suratu Nisaa inamtoa aliyedhulumiwa katika katazo la kutangaza maneno mabaya. Basi angalia masharti yalivyokaa. Anayesema ni yule aliyeguswa na dhuluma, anasema alichokiona, na anakipeleka panapoweza kusaidia. Mama aliyelipa pesa bila kupewa risiti ana haki ya kusema, tena kwa sauti. Mimi niliyekuwa kitandani Gitega sikulipa, sikuona, na makundi matatu niliyoyatumia hayakuwa na mtu hata mmoja wa kuweza kuamua lolote.

Nakiri kwamba wakati mwingine milango ya wenye uwezo imefungwa, na umma wenyewe ndio mlango uliobaki. Mwaka 2024 vijana wa Kenya waliuchukua Muswada wa Fedha, wakausoma kifungu kwa kifungu na kuwafafanulia wenzao mtandaoni kwa lugha za nyumbani, hadi muuza mkate akajua kwamba mkate ulipendekezwa kutozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Muswada ule haukutiwa saini, ingawa damu ilimwagika tarehe 25 Juni na sipendi tuisahau kwa kushangilia. Ninachotaka tukione ni kwamba hoja yao ilikuwa na nguvu ilipokuwa juu ya vifungu vilivyoandikwa, ambavyo yeyote angeweza kuvisoma na kuwakosoa. Sauti isiyo na jina haiwezi kukosolewa. Inaaminiwa tu, au inaogopwa.

Kwetu Burundi kuna hatari nyingine ambayo siwezi kuipita. Mjadala unaweza kuanza kwa sukari na kuishia kwa "watu wale". Kizazi cha wazazi wetu kinajua maneno kama hayo yalikwenda wapi mwaka 1972 na mwaka 1993. Mtu anapoacha kuzungumzia sera na kuanza kuzungumzia damu za watu, huo si uhuru wa maoni tena, na mwenye kundi anayemwacha aendelee ana sehemu yake katika dhambi. Ni bora tuonekane wakali kwa kumtoa mtu huyo kuliko tuonekane wapole.

Sasa niseme tulichofanya, ingawa ni kidogo. Nilirudi kwenye makundi yale matatu na kuandika kwa jina langu kwamba nilisambaza jambo nisilolijua, na kwamba risiti zipo. Baadhi walicheka. Mmoja aliniuliza nimelipwa kiasi gani. Lakini katika kundi letu la madrasa dada mmoja alipendekeza kitu: kila aliyekwenda kutafuta karatasi aandike alichokiona yeye mwenyewe, siku gani alikwenda, alirudishwa mara ngapi, nauli ilikuwa kiasi gani, bila kumtaja mtu yeyote. Walijibu watu kumi na wanane. Tuliyakusanya katika barua ya kurasa mbili, tukaitia majina yetu, na wazee wawili wakaipeleka ofisini. Hadi ninapoandika haijajibiwa. Sijui kama itajibiwa. Lakini hakuna mtu aliyeacha kwenda sokoni kwa sababu ya barua ile, na kila neno lililomo lina mwenyewe.

Mzee yule amenisamehe. Nilipokuwa naondoka alinikumbusha kwamba Abu Bakr alipoapa kukata msaada wake kwa Mistah, iliteremka aya ya kuwataka wenye fadhila wasamehe, kwani je, hawapendi Mwenyezi Mungu awasamehe wao? Msamaha huo ni wangu. Sauti yenyewe siwezi kuirudisha. Wiki iliyopita mtu ameileta tena kundini kana kwamba ni mpya, na juu yake bado imeandikwa kwamba imesambazwa mara nyingi. Miongoni mwa mara hizo nyingi, tatu ni zangu, na nitaulizwa kuhusu hizo tatu.

Basi, ndugu yangu, kabla ya kubonyeza, jiulize: nikiulizwa neno hili ni la nani, naweza kujibu kwa jina langu? Ukiweza, sema, na usiogope kuitwa mwanasiasa. Usipoweza, liache likae tumboni, kwa sababu hapo tu ndipo methali ya wazee wetu inasema kweli.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.