TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 4: Anayeanguka Kifafa ni Amana Yetu



Ndugu zangu, mama zangu na vijana wangu wa Mkange na vitongoji vyake, poleni na saumu. Allah aipokee.

Leo tuzungumzie ugonjwa ambao tunao majumbani lakini tunauficha nyuma ya pazia: kifafa. Nimeuleta mapema, mwezi ukiwa bado mchanga, kwa sababu moja. Kila Ramadhani wapo watu wanaoacha vidonge vyao ili wafunge. Nia yao ni njema kabisa, lakini jambo lenyewe ni la hatari, na dini haikuwatuma.

Tuanze na mwanamke mmoja wa zama za Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Ibn Abbas alimuonyesha mwanafunzi wake Ataa bin Abi Rabah mwanamke mweusi, akamwambia huyu ni katika watu wa Peponi. Mwanamke huyu alimwendea Mtume akaeleza kwamba anaanguka, na anapoanguka nguo zinamfunuka. Akamuomba amuombee dua. Mtume akampa hiari: asubiri apate Pepo, au amuombee apone. Yeye akachagua kusubiri, ila akaomba jambo moja, aombewe asifunuke tena. Mtume akamuombea.

Hebu itazame hadithi hii vizuri. Mtu anayeanguka amehesabiwa katika watu wa Peponi. Hakufukuzwa, hakuogopwa, hakuitwa mwenye mkosi. Na kilichomuuma zaidi ni stara yake mbele za watu. Sasa jiulize, sisi mtu akianguka sokoni au pale uwanjani tunafanya nini? Wengine tunakimbia. Wengine, astaghfirullah, tunatoa simu kurekodi.

Usije ukaichukua hadithi hii ukasema, basi tusubiri tu, dawa za nini. Mtume huyo huyo ndiye aliyetuamrisha kujitibu, akatufundisha kwamba Allah hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa. Wakati ule kidonge cha kifafa hakikuwepo. Leo kipo.

*Kinachotokea kichwani*

Ubongo ni kama sehemu 2 tu kati ya 100 za uzito wa mwili, lakini unakula karibu sehemu 20 kati ya 100 za oksijeni tunayovuta. Chembe zake zinaongea kwa umeme mdogo sana na kwa kemikali. Ipo kemikali inayoamsha, inaitwa glutamati, na ipo inayotuliza, inaitwa gaba. Vijana wa bodaboda mtanielewa haraka: moja ni mafuta, nyingine ni breki. Mizani ikikaa sawa, mtu anasoma, anacheka, anaswali. Mizani ikivurugika, chembe nyingi zinawaka kwa pamoja, na hapo mtu anaanguka, anakakamaa, anatoa povu.

Kuna jambo lingine. Oksijeni hiyo hiyo inayotupa uhai ndiyo inayokula chuma kikawa kutu. Nyinyi mliokaa Saadani karibu na bahari mnajua bati linavyoliwa. Na mwilini, oksijeni inapotumika, mabaki yake makali hubaki yakishambulia mafuta na protini za chembe. Ubongo una mafuta mengi na moto mwingi, kwa hiyo uko karibu na hatari hiyo. Allah ameuwekea walinzi, mmojawapo anaitwa glutathioni. Lakini mabaki yakizidi walinzi, chembe zinaumia. Wanasayansi wanauita hali hiyo msongo wa oksidesheni. Wameiona katika kifafa, katika ugonjwa wa kutetemeka wa wazee, na hata katika sonona na skizofrenia. Hawasemi kwamba ndiyo sababu pekee ya maradhi hayo. Lakini katika kifafa, kila degedege refu huongeza kutu hiyo. Ndiyo maana kumuacha mtu aanguke mara kwa mara, eti atazoea, ni kumuumiza.

Na kwa kuwa siku hizi biashara hazikosi, tahadharini. Ukiletewa chupa ya virutubisho ukaambiwa inasafisha sumu kwenye ubongo, achana na vidonge vya hospitali, usikubali. Matunda na mboga kula kwa wingi, ni chakula chema. Lakini hakuna chupa iliyothibitishwa kuchukua nafasi ya dawa ya kifafa.

*Kinaanzia wapi?*

Wengine kinaanzia kwenye uzazi mgumu, mtoto akachelewa kulia. Wengine ni kuumia kichwa, na bodaboda zimetuongezea hao. Wengine ni homa ya uti wa mgongo. Wengine ni mayai ya tegu wa nguruwe, na hapa usiseme sisi Waislamu hatuli nguruwe. Mayai yale yanatoka kwenye kinyesi cha mtu mwenye tegu, yanaingia kwenye maji na mboga, yanakupata wewe ambaye nyama hiyo hujaigusa maisha yako yote. Choo bora na kunawa mikono ni ibada na ni kinga.

Na wengine ni malaria iliyopanda kichwani. Hili ni letu kabisa. Mwaka 1996 ulichapishwa utafiti uliofanywa hapa hapa wilaya ya Bagamoyo kuhusu degedege la watoto. Ulionyesha kwamba ugonjwa huo mara nyingi huanza kutibiwa kwa waganga wa jadi kabla ya hospitali. Wakubwa mnakumbuka: moshi wa kinyesi cha tembo, kuoshwa kwa mkojo, na ule usemi kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano anakufa. Saa zile zilizopita kwenye moshi ndizo malaria ilizozitumia kupiga ubongo. Waliopona, baadhi yao walibaki na kifafa. Mama, mtoto mwenye homa akikakamaa, ni zahanati, usiku uwe usiku.

Kule Mahenge, mkoa wa Morogoro, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Alikuta wagonjwa wametengwa, na wapo waliokufa kwa kuangukia moto au maji, kwa sababu watu waliogopa kuwagusa wakidhani povu linaambukiza. Povu ni mate tu, jamani. Kifafa hakiambukizi kwa povu, wala kwa kikombe, wala kwa kukaa mkeka mmoja. Alipowapa dawa ya kila siku, wengi walitulia. Dawa yenyewe ni fenobabito, ambayo mpaka leo inatumika katika vituo vyetu.

*Na majini je?*

Najua swali hili linakuja, nalijibu kabla hamjaniuliza. Majini wapo, Qur'ani imewataja. Lakini si kila anayeanguka ana jini. Ibn al-Qayyim katika Zad al-Ma'ad alikigawa kifafa mafungu mawili, na fungu moja akaliacha mikononi mwa matabibu. Huyo ni mwanazuoni wa zaidi ya miaka 600 iliyopita. Kwa hiyo msomee mgonjwa wako Fatiha, Ayatul Kursiy na Muawwidhatayn, ni baraka. Lakini msomee huku dawa anameza. Anayekuambia utupe vidonge ili kisomo kifanye kazi, huyo mkimbie. Na anayempiga mgonjwa, kumfunga kamba au kumfukiza mpaka akose pumzi, huyo anadhulumu.

*Sasa saumu*

Soma Suratul Baqara aya ya 184 na 185. Allah ametaja mgonjwa kwa jina lake, akampa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na akabainisha kwamba anatutakia wepesi. Ruhusa hiyo ni sadaka ya Mola wako. Ukiikataa ukajiumiza, hukuongeza uchamungu.

Fenobabito inaongeza nguvu ya ile breki niliyosema. Ukiikata ghafla ni kama kukata breki kwenye mteremko. Mtu anaweza kuanguka mara tatu mfululizo bila kuzinduka, na hapo ni roho.

Basi fanyeni hivi:

1. Kabla ya kuamua kufunga, nenda kwa mtabibu wako uulize. Dawa ya mara moja kwa siku mara nyingi huweza kumezwa usiku. Ya mara mbili huenda ikakaa futari na daku, lakini aseme yeye, usipange mwenyewe.
2. Ukiambiwa usifunge, kula. Ukipata nafuu utalipa. Kama ugonjwa haukuachii siku za kulipa, utatoa fidya, kulisha masikini mmoja kwa kila siku. Asiye na uwezo aje tuzungumze, faragha.
3. Usingizi. Kukesha ni moja ya vitu vinavyochokoza kifafa. Mgonjwa asikeshe. Tarawehe ni sunna, unaweza kuswali nyumbani rakaa chache ukalala.
4. Wenye dawa za maradhi ya akili, maneno ni hayo hayo. Zipo dawa ambazo mwili ukikauka maji zinageuka sumu. Uliza kwanza.

*Mtu akianguka mbele yako*

Ondoa vitu vya kumuumiza, msogeze mbali na mafiga au maji. Muweke kitu laini chini ya kichwa. Usimshike kwa nguvu, usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji. Akitulia mlaze ubavu. Tazama saa: ikipita dakika 5, au akianguka tena kabla hajazinduka, tafuta usafiri wa hospitali. Na katikati ya yote hayo, vua kanzu yako au mtandio, *mfunike*. Hiyo ndiyo stara aliyoiomba yule mwanamke wa Peponi. Yeye aliombewa na Mtume. Huyu wa kwetu amewekwa mbele yako.

Wazazi, msiwatoe watoto hawa madrasa. Leteni, mtuambie wana nini na wanameza nini saa ngapi, wakae mkekani na wenzao. Mtoto wa kifafa anahifadhi Qur'ani kama mwingine. Na anayekwenda kuvua, kuchota maji mto Wami au kupika motoni akiwa na kifafa, asiende peke yake.

Ee Allah, waponye wagonjwa wetu, wastiri walioanguka, walainishie nyoyo walezi wao, na utuondolee ujinga unaoumiza kuliko ugonjwa. Amin.

Mtumie mtu mmoja unayejua ana mgonjwa ndani. Si lazima useme neno, tuma tu. Tukutane kesho inshaAllah.

Wassalaamu alaykum.