Kamba Kwenye Mchanga

Desemba iliyopita tuliondoka Kahawa Sukari saa kumi na moja alfajiri, watu wanne, kila mmoja na kibegi chake. Treni ya SGR kutoka Syokimau, matatu hadi Likoni, feri, matatu tena hadi Ukunda, kisha tuktuk. Kwenye feri, anayevuka kwa miguu halipi hata bob. Mama na kuku wake, mwanafunzi, mtalii na sisi watu wa bara, sote tulibanana pamoja. Nililikumbuka hilo baadaye.

Jioni hiyo hiyo, Diani, tulitafuta njia ya kushuka ufuoni. Soja akatusimamisha: "Mnaenda wapi?" Jo, nilikasirika! Nikamtajia Katiba ya 2010, Kifungu cha 62: ardhi iliyo kati ya mpaka wa maji kujaa na mpaka wa maji kupwa ni ya umma. Akanisikiliza kwa upole, kisha akasema, "Bosi, ufuo ni wa umma. Njia ndiyo ina wenyewe."

Kesho yake nilikuwa upande wa pili. Tumeshalipia vyumba, tumelala kwenye viti chini ya minazi, mbele yetu kamba. Ng'ambo ya kamba kijana anauza madafu, haruhusiwi kuivuka. "Brathe, dafu!" Nikajifanya nimelala. Ukweli ni kwamba niliipenda ile kamba.

Je, nilikosea? Unaweza kusema hapana. Nimetoa pesa yangu, nimechoka na Thika Road mwaka mzima, nina haki ya kupumzika bila kusumbuliwa. Hayo nayakubali. Utulivu si dhambi.

Lakini kuna utulivu unaotokana na bahari, na kuna utulivu unaotokana na mtu mwingine kuzuiwa. Huu wa pili una kipimo chake: ungeikubali kamba ile kama ungekuwa upande wa yule kijana? Mimi jana yake sikuikubali, na nilisimamishwa dakika mbili tu. Yeye husimamishwa kila siku, kwenye bahari aliyozaliwa akiiona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mgeni njoo, mwenyeji akae kando.

Mwishowe niliinuka, nikavuka, nikanunua dafu. Tulipiga stori kidogo. Sitajipa sifa kwa hilo. Kamba ilibaki palepale.

Tulirudi nyumbani Jumapili usiku. Kwenye geti la kwetu, soja alinifungulia bila neno. Nyuma yangu alikuwa mama mmoja na mfuko wa nguo, ambaye huja kutufulia kila wiki. Akaulizwa, "Unaenda wapi?"

Nyumba yangu ni yangu, sawa. Lakini ile barabara? Miaka yote nimeingia pale, na swali hilo sikuwahi kulisikia mpaka nilipoulizwa mimi Diani.