Adabu ya Mwenye Nguvu, na Nasiha Isiyoombwa

Tumeulizwa na baadhi ya vijana wa darasa letu swali ambalo kwa juu juu laonekana kuwa la mchezo, nalo si la mchezo. Wao huenda jimu wakati wa jioni kupiga vyuma, na humo huona mambo ya ajabu. Huona mtu akinguruma kama simba kwa chuma ambacho mwenziwe hukiinua kimya. Huona mtu amekaa juu ya benchi robo saa akitazama simu, na watu wamesimama wakimngoja. Na zaidi ya yote huona kwamba kila mwenye kifua kipana amekuwa mwalimu. Basi wauliza: mtu akimwona mwenziwe anakosea, je, yampasa kumwambia? Na anayeambiwa, je, yampasa kusikiliza? Na ikiwa kila mmoja amelipa ada yake ya mwezi, wengine wana haki gani juu yake?

Tutaanza na hili la mwisho, kwa kuwa ndilo msingi wa mengine.

Wako wasemao, "Nimelipa, basi nifanye nitakavyo." Hoja hii husikika sana mijini kwetu, wala si jimu peke yake. Lakini tuitazame. Alichokilipia mtu huyu ni nini? Si nondo, maana nondo ni ya mwenye nyumba. Wala si benchi. Alichokilipia ni zamu. Na zamu ni kitu ambacho hakiwi ila kwa kuwapo watu wengine wenye zamu zao. Anayeteka maji kwa kata kwenye birika la msikiti hairushi ile kata sakafuni akiisha kutawadha, akasema, "Mimi nimekwisha." Huiweka palipo, kwa sababu ajua nyuma yake yuko mtu. Jambo hili hatukufundishwa kitabuni. Tumelikuta wazee wetu wakilifanya. Ajabu ni kwamba mtu huyo huyo aliyeiweka kata mahali pake saa ya alasiri, ikifika saa kumi na mbili u nusu aiacha nondo na sahani zake zote, akatoka akijifuta jasho.

Na hapo pana dhuluma iliyojificha. Nondo ya wanaume inayotumiwa katika mashindano ina uzito wa kilo 20. Mtu akitia sahani mbili za kilo 20 kila upande, jumla ni kilo 100. Akiisha kuiinua mara zake nane akaenda zake, anayekuja nyuma yake ni nani? Pengine ni mzee wa miaka 60 aliyeambiwa na daktari wake afanyishe misuli kazi kwa ajili ya ugonjwa wa sukari. Pengine ni kijana aliyeanza juzi. Huyo, kabla hajainua kilo zake 30, yambidi kwanza ahamishe kilo 80 za mtu mwingine. Na asipojua akazitoa zote upande mmoja, ule upande mwingine utaibwaga nondo yote chini, imponde mguu au imwangukie aliye karibu. Watu huliita hili uvivu. Sisi twaona jina lake ni ushuru: mwenye nguvu anamtoza dhaifu, na amtoza kwa kitu kile kile ambacho dhaifu hana, yaani nguvu.

Watu wengine waliliona jambo hili zamani, wakaliwekea taratibu. Huko Iran ziko nyumba za mazoezi ziitwazo zurkhaneh, maana yake nyumba ya nguvu. Mila yake iliandikwa na UNESCO mwaka 2010 katika orodha ya mila za kuhifadhiwa. Mlango wake wa jadi ni mfupi, kiasi kwamba aingiaye hana budi kuinama, awe na shingo nene namna gani. Ndani mna shimo la pembe nane wanamofanyia mazoezi, na pembeni juu hukaa kiongozi wao apigaye ngoma na kuimba. Vyombo vyao ni marungu mazito ya mbao, ngao kubwa, na upinde wa chuma wenye minyororo. Lakini lililotupendeza ni hili: mtu hachukui marungu ila kwanza aombe ruhusa, na neno watumialo ni rokhsat, ambalo kwa asili yake ni moja na neno letu ruhusa. Nguvu zake ni zake, na mikono ni yake, na bado aomba ruhusa kwa waliomtangulia.

Katika mila hiyo alikulia mpigana mieleka Gholamreza Takhti, aliyezaliwa mwaka 1930 akafa 1968, naye alitwaa medali ya dhahabu katika Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956. Wairani wamemsahau bingwa mmoja na mwingine, lakini huyu hawajamsahau, wala si kwa sababu ya dhahabu. Mwaka 1962, tetemeko la ardhi lilipoivunja nchi ya Buin Zahra, alitembea barabarani Tehran akiwakusanyia michango walioathirika. Na husimuliwa kwamba aliposhindana na Aleksandr Medved wa Umoja wa Kisovieti, naye mguu wake mmoja una jeraha, Takhti hakuugusa mguu ule. Twalisema hili kwa vijana wanaodhani kwamba ubabe ni kupiga kelele.

Kwani kelele nayo ina watetezi wake. Husema, "Mabingwa nao huvitupa vyuma chini." Hili ni kweli nusu. Kanuni za mashindano ya Olimpiki zamtaka mwinuaji aitulize nondo juu mpaka mwamuzi ampe ishara, na akiishusha asiiachie mikono mpaka ipite chini ya mabega. Tena huishusha juu ya jukwaa lililojengwa kwa kazi hiyo, na sahani zake zimevikwa mpira mnene. Jimu zetu nyingi ni chumba cha ghorofani chenye vigae, na chini yake yuko mtu anayelaza mtoto. Na huko mitaani, ambako vijana hutia saruji katika mikebe miwili wakaunganisha kwa bomba, atupaye chuma chake atakikosa kesho.

Sasa tuje kwenye nasiha, ndiyo iliyotuchukulia muda katika darasa.

Nasiha nyingi za jimu ni potofu, na upotofu wake una asili moja: mtu huufanya mwili wake kuwa kitabu cha watu wote. Huambiwa mwanafunzi, "Ukichutama na nondo mabegani, goti lisipite ncha ya kidole cha mguu, utaharibika." Nasi tangu utotoni twachutama kufua, kufagia na kufanya haja, na goti hupita kidole kila siku, wako wazee wa miaka 80 bado wanachutama hivyo. Anayelizuia goti lisiende mbele kwa nguvu huupeleka mzigo nyonga na kiunoni, na kiuno ndicho walichotaka kukihifadhi. Mwingine huambiwa ajizungushie nailoni tumboni ili kitambi kiyeyuke. Katika joto la Mombasa hapana shaka atatoka jasho jingi, na mizani itapungua. Kisha atakunywa bilauri tatu za maji, na mizani irudi ilipokuwa. Mafuta hayatoki kwa jasho, wala mtu hawezi kuyachagulia mahali pa kutokea. Mwingine huambiwa azuie pumzi akiinua. Waliozoea hufanya hivyo kwa kitambo kidogo ili kiwiliwili kikazike, na chawafaa. Lakini huipandisha damu kwa ghafla, na anayeambiwa pengine ana maradhi ya presha, naye aliyemwambia hakumwuliza.

Na mwezi wa Ramadhani lipo la hatari zaidi. Wako wanaowahimiza vijana wapige vyuma vizito alasiri, hali wamefunga na hawakunywa tone tangu alfajiri, ati ndipo mafuta yanapoungua. Misuli ikilazimishwa kupita kiasi huvunjika, na taka zake huingia damuni. Mwili usipokuwa na maji figo huelemewa, na dalili yake ni mkojo kuwa mweusi mfano wa chai ya rangi. Huyo aende hospitali usiku ule ule, asingoje asubuhi. Na anayetaka kufanya mazoezi mazito ayafanye baada ya tarawehe akiwa amekunywa na kula.

Ukiwauliza hawa wanasihi ushahidi wao, watakujibu, "Mimi nilifanya hivyo, na nitazame." Hili ndilo jibu tunalotaka wasomaji wetu walipime vizuri, maana halisikiki jimu tu. Mfanyabiashara aliyetajirika husema vivyo hivyo, na mganga pia. Kwamba mtu alifanya jambo kisha akawa mkubwa si dalili kwamba jambo lile ndilo lililomkuza. Pengine alizaliwa na mifupa minene. Pengine ni miaka kumi ya kudumu, na angefanya lolote angekua. Pengine kuna kitu anachokimeza asichokitaja. Na walioifuata njia ile ile wakavunjika mabega hawako pale jimu wakatoa ushahidi wao; wako nyumbani wamejipaka dawa.

Je, basi tunyamaze? La. Katika darasa wapo waliosema kwamba kunyamaza ndiyo adabu, kwa kuwa mtu mzima na mwili wake. Hatukukubaliana nao. Mtu amelala benchini, nondo imemlemea kifuani na mkono watetemeka: huyo huombwi kwake wala huombi kwake ruhusa; unakwenda ukamshika nondo, na maneno yaje baadaye. Na anayeishika nondo bila kuuzungusha umbo kidole gumba, iko hatari itamteleza imwangukie shingoni, basi na huyo aambiwe upesi. Penye hatari iliyo karibu, mkono hutangulia ulimi. Lakini yaliyo mengi si hayo. Yaliyo mengi ni mtu kufanya jambo kwa namna nisiyoipenda mimi, na hapo namwona nina haja ya kusema kuliko yeye alivyo na haja ya kusikia. Huyo aulizwe kwanza, "Ndugu yangu, niniwie radhi, waonaje nikikwambia neno?" Naye akisema hapana, isiwe ugomvi. Na aambiwe kando, apumzikapo, si mbele ya watu na chuma kingali mikononi.

Wala tusijidanganye juu ya nia. Tumesikia jambo la kuchekesha: mabwana fulani, macho yao hayaoni makosa ya mtu mwenye mikono minene, hata akipinda mgongo kama upinde, lakini aingiapo binti kwa mara ya kwanza, makosa yake huyaona yote tokea mlangoni. Nasiha ya namna hiyo haina haja ya kuchambuliwa. Ndiyo sababu dada zetu wengi hutafuta jimu zenye saa za wanawake peke yao, na hata humo haja yao ya kwanza huwa ni kwamba simu zifungwe. Kwani sasa pamezuka desturi ya mtu kujipiga picha akiinua, na nyuma yake ikaingia picha ya mwenziwe aliyevaa vazi la mazoezi, ikatembea mji mzima kabla hajafika nyumbani. Tena wako wanaompiga picha mgeni makusudi, wakamtoa kichekesho kwa sababu hajui kitumike vipi chombo fulani. Aliyemcheka alizaliwa akijua?

Yabaki madawa, na hapa hatutaki maneno laini. Homoni ya kiume ilitengenezwa kwa mara ya kwanza na wataalamu mwaka 1935, na tangu hapo zikafuatia steroidi za kukuza misuli. Kamati ya Olimpiki ilizipiga marufuku mwaka 1975, na Kenya ina sheria yake ya mwaka 2016 na chombo chake cha kupambana nazo; lakini jicho la chombo hicho liko juu ya wanamichezo wa mashindano, na kijana wa mtaani hapimwi na mtu. Humpata mkubwa mmoja akamnong'oneza, "Hivi vidonge ndivyo vilivyonifikisha." Hamwambii kwamba mwili ukipata homoni ya dukani huacha kutengeneza ya kwake, korodani zikasinyaa, na uzazi ukakatika kwa miezi au kwa miaka. Hamwambii juu ya moyo unaonenepa kuta, wala ini. Kijana aoa, mwaka wapita, wa pili wapita, na lawama humwangukia mke.

Mwenye jimu naye husema, "Mimi nakodisha vyuma, yanayouzwa pembeni si yangu." Wapo miongoni mwetu waliomwona ana udhuru. Sisi twaona hana, maadamu ajua. Kwani wale vijana wamemwamini mahali pake kabla ya kumwamini yule muuzaji. Amtoe. Ama kijana aliyekwisha kuanza, asiachie peke yake kwa ghafla wala asiongezwe vingine na yule yule aliyempa vya kwanza. Apelekwe kwa daktari, aende na chupa yenyewe mkononi, na aseme kweli: ni dawa gani, kiasi gani, na tangu mwezi gani.