Dhamana ya Tabibu Mwanafunzi

Imamu Abu Hanifa hakuridhia mtu mzima mwenye akili zake azuiliwe mali yake, hata akiwa mbadhirifu. Lakini aliwaona watu watatu kuwa wafaa kuzuiliwa wasifanye kazi zao: mufti mpuuzi, mkodishaji wanyama aliyefilisika, na tabibu mjinga. Wanazuoni wakaeleza sababu: wa kwanza huharibu dini za watu, wa pili mali zao, na wa tatu miili yao.

Ndugu msomaji, tabibu mjinga wa zamani alikuwa rahisi kumjua, kwani hakusoma kwa mtu. Jee, huyu wa leo, aliyesoma chuo kikuu miaka sita, akapata shahada, akapelekwa hospitali kwa mwaka wa mazoezi, naye hajui jambo moja tu, tumweke wapi?

Jambo lenyewe ni kipimo cha dawa kwa mtu ambaye figo zake zimedhoofika kwa maradhi ya muda mrefu. Dawa nyingi hutoka mwilini kwa njia ya figo. Figo zikichoka, dawa ya leo huikuta ya jana haijatoka, ikalimbikizana mpaka ikawa sumu.

Vijana wetu wa Mombasa na Lamu hupangiwa mazoezi hata huko juu kwenye nchi ya chai. Basi tuseme mmoja wao amepokea usiku bibi mzee wa Kipkelion, mji ule wa reli uliokuwa ukiitwa Lumbwa. Ana miaka 70, amechuma chai ujana wake wote, na sasa uzito wake ni kilo 45. Karatasi ya damu yasema kreatinini ni mikromoli 100 kwa lita. Kijana aiona si kubwa. Lakini kreatinini hutokana na nyama za mwili, na bibi huyu amekonda. Lau angepiga hesabu ya Cockcroft na Gault, iliyotolewa mwaka 1976, ambayo hutazama umri na uzito, angeona figo zasafisha kiasi cha mililita 33 tu kwa dakika, hali za kijana mzima hupita 90. Hesabu hiyo haichukui dakika mbili.

Asipoipiga, atamwandikia jentamisini ya kipimo cha kijana, nayo yaweza kudhuru figo na masikio. Atamwachia insulini ile ile ya miaka yote, ilhali figo dhaifu haziiondoi upesi, na alfajiri bibi akutwe hajitambui kwa kupungukiwa na sukari. Wala woga si elimu. Yuko anayepunguza kila kitu kwa hofu, hata dozi ya kwanza ya dawa ya kuua vijidudu, ambayo mara nyingi hutakiwa itimie; maradhi yakamshinda mgonjwa hali dawa ipo.

Kutojua kwa mwanafunzi si dhambi. Ndiyo maana akaitwa mwanafunzi. Kosa laanza pale anapojua kuwa hajui, kisha akaandika. Lakini mbona haulizi? Saa nane za usiku yuko peke yake. Amempigia simu mkubwa wake, akakaripiwa. Akarudia, akakaripiwa tena. Mara ya tatu atakisia. Kwa rai yetu, aliyemkaripia ana fungu lake katika dhamana hiyo, na pengine ndilo kubwa zaidi, kwa kuwa yeye alijua. Mwaka 2024 madaktari waligoma tangu Machi hadi Mei, na ujira wa hao wanafunzi ukabishaniwa sana. Ilikuwa haki yao. Ila suala la nani husimama karibu nao usiku hatukulisikia likitajwa kwa sauti kama ile.

Na sisi wagonjwa hatumo nje. Vidonge vya maumivu kama diklofenaki, tunavyovinunua dukani kama peremende, hudhuru figo zilizokwisha kudhoofika. Bibi wa Kipkelion anavyo, amevifunga katika pembe ya leso chini ya mto. Kijana hakumuuliza, naye aliona haya kumwambia tabibu jambo ambalo hakuulizwa.