Mwenye Duka na Ukuta wa Mayatima

 

Katika darsa yetu ndugu mmoja, mwenye duka dogo la misumari, saruji na mabati, aliuliza suala ambalo lafaa kila Mwislamu alisikie. Alisema: "Sheikh, kila Alkhamisi baada ya adhuhuri mimi hufunga duka, nikaenda pamoja na vijana wa mtaani kumjengea nyumba mjane mwenye mayatima. Wenzangu sokoni wanicheka. Waniambia, 'Wewe ni mfanyi biashara. Toa shilingi zako uwaajiri mafundi, usijitie udongoni kama kibarua.' Je, nifanyalo lina thawabu, au napoteza wakati wangu?"

Jawabu: Ewe ndugu yetu, kila Ijumaa twaisoma Suratul Kahf, na ni wachache wetu wazingatiao kwamba ndani yake mna kuta mbili zilizojengwa bila ya ujira.

Ukuta wa kwanza: Nabii Musa (a.s.) na yule mja mwema, ambaye wanavyuoni wamemtaja kuwa ni Khidhr, waliingia mji wakaomba chakula, wakanyimwa. Humo wakaona ukuta unaotaka kuanguka, na Khidhr akausimamisha. Musa akamwambia kuwa lau angetaka angechukua ujira. Kisha ikabainika kwamba ukuta ule ni wa mayatima wawili, chini yake mna hazina yao, na baba yao alikuwa mtu mwema.

Ukuta wa pili ni wa Dhulqarnain. Watu walimwahidi mali ili awajengee kizuizi baina yao na Yaajuj na Maajuj. Akaikataa mali yao, akawataka wamsaidie kwa nguvu zao. Mfalme yule hakuhitaji fedha, alihitaji mikono.

Na Mtume wetu (s.a.w.), alipohamia Madina mwaka 622 na msikiti wake ukajengwa, alichukua matofali yeye mwenyewe pamoja na masahaba. Ammar bin Yasir alikuwa akichukua mawili mawili, na wengine moja moja. Basi amchekaye mwenye duka kwa udongo ulio mkononi mwake, na ajiulize anacheka jambo gani.

Hatusemi kwamba kutoa fedha si kitu. Mafundi hulipwa na mabati hununuliwa. Lakini aingiaye mwenyewe nyumbani kwa mjane huyaona makuti yaliyooza, na boriti zilizoliwa na mchwa, na watoto wanaohamisha mkeka usiku wa masika wakitafuta pembe isiyovuja. Aliyetuma shilingi kwa mkono wa mwengine hayaoni hayo, na husahau upesi.

Hata hivyo, jambo jema lina masharti yake. Kwanza, haki za watu hutangulia: chakula cha watu wako, deni la mdai wako, na ujira wa kijana wako wa dukani. Pili, usichanganye biashara na sadaka. Ukiwauzia wajenzi saruji kwa bei iliyo wazi, faida yako ni halali, lakini usiiite sadaka. Wala usitoe mabati yaliyoshika kutu na saruji iliyoganda ukasema umetoa. Mwenyezi Mungu ametukataza kukusudia kilicho kibaya katika kutoa (Suratul Baqara, aya 267). Tatu, katika miji yetu ya pwani watu wengi wana nyumba, na ardhi si yao. Kabla ya kuwekwa jiwe la kwanza, ijulikane ardhi ni ya nani, na ruhusa iandikwe mbele ya mashahidi, asije mwenyewe kesho akawatoa mayatima. Nne, usimsimbulie mjane wala usimtangaze.

Na nyinyi mnaocheka, lizingatieni hili. Afapo mtu, twakusanyika nyumbani kwake kwa hitma na arubaini, tukala wali kwa mali aliyoiacha, nayo ni mali ya mayatima. Kisha twanawa mikono, twaondoka, na paa juu ya vichwa vyao lavuja. Nani katika sisi hajui ahadi ya moto waliyopewa wanaokula mali ya yatima kwa dhulma, katika Suratun Nisaa, aya ya 10? Hilo ndilo la kuonewa haya, si udongo.

Ewe mwenye duka, endelea na Alkhamisi yako. Sisi sote tutakufa, na wengi wetu tutaacha watoto wadogo. Wale mayatima wawili walihifadhiwa kwa wema wa baba yao. Basi atakaye ukuta wa watoto wake usimame baada yake, na asimamishe leo ukuta wa watoto wa mwenzake.

Mwenyezi Mungu atuwafikishe sote katika kheri, na azitakase nia zetu. Amin. Wassalaam.